Sukari ya Tumbo Tupu

Chumba cha Cherehani,
Nyumba ya mlango wa kijani.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu Rangirangi,

Hujambo, na wa nyumbani mwako hawajambo? Wifi yangu yu mzima? Mgongo wake umeachia, au bado anainuka kwa kushika ukuta? Na wale pacha, wameacha kugombania kitanda cha dirishani? Na wewe mwenyewe, mwili ukoje? Miguu haijavimba? Usingizi unakuja? Macho yanaona? Usinijibu "tuko salama" tu kama kawaida yako. Nimeuliza kimoja kimoja, nijibu kimoja kimoja. Sababu utaiona mbele.

Sisi huku hatujambo, na safari hii sisemi kwa mazoea. Shemeji yako yuko hapa mbele yangu anapiga pasi suruali ya mtu, ananichungulia naandika nini. Nimemwambia kwamba ndiye anayesengenywa. Amesema sawa, mradi nisitie chumvi. Nitatia kidogo.

Barua yako imetufikia. Umeandika kwamba sukari yako imeanza kushuka yenyewe, hujabadili chakula wala dawa, na kwamba safari hii umepona kwa mkono wa Mungu. Ukapiga na mstari chini ya neno "nimepona". Mdogo wangu, nilipiga kigelegele kimoja, cha pili sikukimaliza, maana mwanangu alikuwa nyuma ya bega langu akiisoma pamoja nami, na uso wake haukuwa na furaha hata chembe. Akasema, "Mama, mwambie mjomba akapime figo. Asingoje."

Nilikupigia simu palepale. Ukacheka, ukasema mtandao unakatika, kisha ukaukata wewe mwenyewe. Kwani mimi sikujui? Haya. Simu unaweza kuikata. Barua huwezi. Tangu utotoni hujawahi kuona karatasi yenye maandishi ukaiacha bila kuimaliza, hata iliyofungiwa karanga.

Basi nikuambie tangu mwanzo ninachokitaka, tusizungushane. Nataka ushuke kwenye hiyo ngazi yako ya kupakia rangi na uende hospitali kabla hujaipanda tena. Mengine yote humu ni maelezo, na kujisifu.

Naanza na kujisifu. Kitinda mimba wangu, yule Kwanini, yumo mwaka wake wa mwisho wa uuguzi. Jina hilo ulimpa wewe, unakumbuka? Ulikuwa unapaka ukuta wa jikoni, yeye ana miaka minne, akakuuliza kwa nini rangi huchuruzika kwenda chini na si kwenda juu. Ukamwambia ni kwa sababu umesema wewe. Akakuuliza kwa nini umesema. Ulishuka ngazini ukaenda kuvuta hewa nje. Sasa kaja likizo na viatu vyeupe vya kazi, na siku ya kwanza nilimtuma dukani mara mbili akanunue chumvi. Chumvi ipo tele. Nilitaka mtaa umwone anavyotembea.

Habari nyingine ni kwamba paa la chumba cha nyuma limezibwa, halivuji. Cherehani kubwa imebadilishwa mkanda na sasa inanguruma vizuri. Jirani yetu Mama Birika bado anakuja kila siku kuazima kitu na kurudisha umbea. Anakusalimu. Anauliza kama huko uliko kuta ni nyingi kuliko hapa, maana umekwenda kuzipaka na hurudi.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Unaijua sheria ya chumba hiki: nguo kwanza, chai baadaye. Marehemu baba mkwe ndiye aliyeiweka, kwa sababu kijana wake mmoja aliwahi kula kitu cha mafuta akashika hariri ya watu ikaingia doa. Tangu hapo, fundi wa nyumba hii anaamka alfajiri, anakaa kwenye cherehani, na haonji kitu mpaka nguo ya kwanza ya siku itundikwe msumarini. Shemeji yako ameifuata sheria hiyo tangu ujana. Alipopata kisukari akaendelea nayo. Anameza kidonge chake na maji, basi, mguu kwenye pedali. Hakuwahi kuyumba hata siku moja.

Sukari yake ya asubuhi, tena, ilikuwa ikipanda. Hilo ndilo lililotugombanisha. Mtu amelala bila kula, ameamka bila kula, kinapigwa kipimo, sukari iko juu. Mimi nikasema huyu anaiba. Anaamka usiku, anachota koponi, anarudi kulala kama malaika. Nikalifungia kopo la sukari kabatini na ufunguo nikautundika shingoni. Nilimkagua mifuko nikitafuta biskuti. Yeye akiapa, mimi nikikagua. Asubuhi sukari iko juu vilevile.

Halafu mwaka huu ikaanza kushuka. Mwezi huu chini kidogo, mwezi ujao chini tena. Lo! Nyumba ilikuwa sherehe. Mimi nikasema ni mapishi yangu. Yeye akasema ni nidhamu yake. Mama Birika akaja kuniuliza nampikia nini, nami nikamfundisha kwa madaha kana kwamba nina cheti. Shemeji yako akajipunguzia suruali zote kiunoni, akajishonea na koti jembamba, akawa anapita barabarani akijitazama kwenye vioo vya maduka. Aliyepona ni nani kama si yeye?

Lakini asubuhi zake zikaharibika. Anatoka jasho pasipo joto. Anashindwa kutia uzi kwenye sindano, yeye ambaye huutia akiwa anaongea na mteja. Siku moja alinigombeza nimemfichia mkasi, na mkasi ameushika mkononi. Nikasema ni uzee na kiburi cha koti jipya, nikaendelea na vifungo vyangu.

Mpaka siku ya koti la mwalimu mkuu.

Lilikuwa koti la sherehe ya kustaafu, kitambaa kizito cha kijivu, si kazi ya kuchezea. Mwalimu mkuu akaja asubuhi kulijaribu, akalivaa, mikono ikamgeukia nyuma kama ya mtu aliyefungwa kamba. Mkono wa kulia umeshonwa kushoto, wa kushoto kulia. Kosa hilo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza halifanyi. Mwalimu akasema kwa upole, "Fundi, naona kama mikono imekaa vibaya." Shemeji yako akaja juu: "Koti halina kosa! Mikono yako wewe ndiyo imekaa vibaya!"

Mdogo wangu, nilitamani sakafu inimeze. Mwalimu akalivua polepole, akaja kuninong'oneza, "Mama, samahani, fundi ameanza kunywa?" Mtu ambaye hata harufu ya pombe humtoa machozi! Na Mama Birika alikuwa mlangoni na birika lake. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba fundi anakunywa tangu mwaka jana na mkewe anamfichia.

Kwanini alikuwa uani anafua. Aliingia na povu mikononi, akamtazama baba yake mara moja tu. Hakumuuliza kitu. Akamshika kiganja, kilikuwa baridi na kimelowa. Akachukua kile kipimo chetu akamchoma kidole. Akasema, "Mama, ufunguo." Sikumwelewa. "Ufunguo wa sukari, Mama, haraka!" Nikaukata uzi shingoni kwa meno.

Akamkorogea sukari kwenye maji, vijiko juu ya vijiko, akamnywesha kidogo kidogo akiwa amemshika kidevu kama mtoto. Tukangoja. Jasho likakauka. Macho yakarudi mahali pake. Akatutazama, akalitazama lile koti kwenye meza, akaligeuza hivi, akaligeuza vile, akauliza, "Mpumbavu gani ameshona hii?"

Tulicheka mpaka nikalia, na kulia kwenyewe sijui kulikuwa kwa kicheko au kwa woga. Woga ulikuwepo.

Nikasema basi, tumeelewa, ni njaa. Kesho anywe chai mapema, yamekwisha. Shemeji yako akakubali shingo upande. Mwalimu mkuu, ambaye alikuwa hajaondoka, akakubali. Sote tukaridhika isipokuwa yule mmoja, na swali lake unalijua kabla sijaliandika.

"Kwa nini mwaka huu?" akasema. "Baba amefanya kazi na tumbo tupu miaka thelathini na hakuanguka. Sukari aliyokuwa akiitumia asubuhi zote hizo ilitoka wapi? Na sasa kwa nini haitoki tena?"

Kusema kweli sikuwahi kujiuliza. Mtu asipokula, nilidhani anaishi kwa ukaidi tu.

Akavuta kigoda cha wateja akatueleza humuhumu chumbani, akionyesha kwa vitu vya humu. Akasema tukila, ini hupokea sukari ya ziada na kuiweka akiba, kama sisi tunavyopanga majora ya kitambaa kwenye rafu. Tukilala, ini linakata kidogo kidogo kutoka kwenye rafu na kuipeleka kwenye damu, maana ubongo hausubiri chai, unakula saa zote, hata ukiwa unakoroma. Lakini rafu si ghala. Kadiri kunavyokucha inapungua. Mtu akizidi kukaa na njaa itabaki mbao tupu.

"Ikawaje basi hafi?" nikauliza. Nilijisikia mjinga, lakini niliuliza.

Akainama akachota mabaki ya vitambaa chini ya cherehani, vile vipande tunavyovitia kwenye gunia. Akasema hapo ndipo ini linapokaa kwenye cherehani. Linaokota vipande: vingine vya misuli, vingine vilivyobaki mafuta ya mwili yanapovunjwa, vingine ile asidi ambayo misuli na damu huiacha baada ya kazi. Vipande hivyo hakuna hata kimoja ambacho ni sukari. Ini linavishona, vinatoka glukosi mpya kabisa, sukari ileile ambayo ubongo unaidai. Na ini halishoni peke yake. Nyuma ya chumba, kwenye giza, wamekaa mafundi wawili wengine ambao hakuna anayewasifu. Figo.

Ebo! Mimi nilijua figo ni za mkojo. Kumbe nazo zinashona! Kwanini akasema kadiri njaa inavyozidi kurefuka, ndivyo figo zinavyobeba sehemu kubwa zaidi ya kazi hiyo. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi nimekiona kichwa cha mume wangu kikielea asubuhi miaka yote, sikujua kuna waliokuwa wakikiundia.

Shemeji yako alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza. Akauliza taratibu, "Na ile sukari yangu iliyokuwa juu asubuhi, wakati sijala?"

"Ni ini, Baba. Ini la mwenye kisukari ni kama fundi aliyeziba masikio. Mwili unaliambia basi, imetosha, lenyewe linashona tu usiku kucha."

Akanigeukia. Aliutazama ule ufunguo uliokuwa mezani, akanitazama mimi, akautazama tena ufunguo. Nikaanza kutafuta kifungo kilichoanguka chini. Radhi sikumwomba, na usinishauri, kwa sababu mara mbili nilimkuta kweli na biskuti mfukoni.

Kisha mtoto akalisema lile zito. Akasema fundi aliyekuwa akishona kupita kiasi hawezi kuacha ghafla bila sababu. Sukari ya Baba haikushuka kwa mapishi wala nidhamu. Anahofia ni figo zinachoka. Zikichoka, zinapunguza kushona. Na kuna jambo la pili: figo ndizo zinazofagia dawa kutoka mwilini. Zikidhoofika, kidonge cha jana bado kipo na cha leo kimeongezwa juu yake, vyote viwili vinaishusha sukari, na hakuna wa kuipandisha. Ndiyo maana mikono ya koti ikahama.

Hapo ndipo shemeji yako aliposimama. "Miaka yote mnalia sukari imepanda," akasema, "leo imeshuka, mnalia tena! Mtu akipona katika nyumba hii ni kosa?" Akasema hakanyagi hospitali, ng'o. Akakaa kwenye cherehani akaanza kukanyaga pedali bila uzi wala kitambaa, sindano inapanda na kushuka bure. Tukamwachia chumba.

Siku ya pili yake hakusema na mtu. Chai ya asubuhi aliinywa amesimama nyuma ya mlango wa jikoni kama mwizi, maana sheria ya baba yake ilikuwa inamsuta. Koti la mwalimu alilifumua lote akalishona upya, na akawa halivai tena lile koti lake jembamba. Nikajua anaogopa. Mtu anayeogopa ukimsukuma anakaza miguu, kwa hiyo nikanyamaza, na unajua kunyamaza kwangu kunavyonigharimu.

Aliyekwenda ni Kwanini. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, sikatai. Alikaa kwenye kigoda akamwambia, "Baba, nikuulize swali la kazi. Tuseme umeamka umekuta nguo msumarini zimepungua, siku baada ya siku zinapungua. Hakuna mteja aliyezichukua. Utashangilia kwamba chumba kimekuwa chepesi?"

Nikasikia anaweka chaki chini.

"Hapana," akasema. "Nitauliza mafundi wamepatwa na nini."

"Basi twende tukawaulize, Baba."

Akavaa viatu. Hivyo tu, mdogo wangu. Mimi ambaye nimemshauri mtu huyu kwa sauti zote ninazozijua, sikuwahi kumvalisha viatu kwa maneno machache namna ile.

Hospitalini walichukua damu na mkojo. Daktari ni mama mmoja wa makamo, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, maneno yake ya kuhesabu. Akatuita, akasema figo zimedhoofika. Hazijafa, alilirudia hilo kwa sababu aliuona uso wangu. Kidonge kile cha zamani akakisimamisha, akampa dawa nyingine, akataka na presha itunzwe vizuri kuliko zamani. Akasema kilichoishusha sukari hasa ni dawa kukaa mwilini kupita muda wake, na kule kushona kwa figo kupungua kumeongezea. Asubuhi tumbo tupu sasa mwiko. Akasema figo zikitunzwa kuanzia leo, zinaweza kumtumikia miaka mingi.

Halafu akauliza, "Wengi huja hapa wamekwisha kuvimba miguu. Nyie nani aliyewaambia mje mapema?"

Nilisimama. Hakuna aliyeniambia nisimame, nilisimama tu, na mkoba ukaanguka. Nikasema, "Huyu. Mwanangu. Nimemzaa mimi." Kwanini akaficha uso kwa aibu. Daktari akashusha miwani akamtazama vizuri, akasema, "Ukimaliza masomo, njoo hapa uombe kazi, na uje uniulize mimi."

Chanda chema huvikwa pete! Nimewaambia hayo watu wote, mpaka muuza vyuma aliye kiziwi nimemwandikia. Mama Birika nimemweleza mara tatu, ya tatu nikiwa nimemshikilia birika asiondoke, ili mtaa ulioeneza pombe ueneze na haya. Mwalimu mkuu alistaafu na koti lake zuri, na katika hotuba yake akasema amefundisha maisha yake yote, lakini somo lake la mwisho alisomeshwa katika chumba cha cherehani na binti wa uuguzi. Shemeji yako alikuwa amekaa mstari wa pili. Alipiga makofi mpaka watu wakageuka.

Mpaka hapo umesoma hadithi. Sasa naongea na wewe.

Unamkumbuka Mama yetu mwaka wake wa mwisho. Alikuwa na ugonjwa huuhuu unaokusumbua wewe. Sukari yake ilishuka yenyewe, nasi tukapiga vigelegele, wewe ukamletea keki nzima ukamwambia sasa kula, umepona. Alikula kipande akafurahi. Baadaye akawa anadondoka asubuhi karibu na mtungi, anasema maneno yasiyoungana, nasi tukasema ni umri. Sikuwahi kuyaweka hayo pamoja mpaka juzi. Nikamuuliza Kwanini, "Bibi yako naye zilikuwa figo?" Akasema, "Sijui, Mama. Hatukumpima."

Nilikwenda uani nikalia. Hakuna aliyetukosea, na sisi hatukumkosea, hatukujua. Lakini sasa tunajua, na mtoto wa Mama niliyebaki naye ni wewe tu.

Wewe unapanda ngazi alfajiri, kabla hujala, kwa sababu msimamizi wenu anataka kuta zipakwe jua halijawa kali. Hilo uliniandikia mwenyewe ukilitaja kama sifa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu lako wewe liko ghorofa ya tatu. Nenda ukapime. Waambie wapime damu na mkojo, waangalie figo, na uwaambie sukari imekuwa ikishuka bila sababu. Dawa usiache kwa akili yako, waache wao waamue. Usipande kitu chochote kabla ya kula. Mwambie na yule mwenzako anayekushikia ngazi, kwamba ukianza kutoka jasho na kusema upuuzi, akupe kitu kitamu haraka. Ingawa kwa upuuzi wako, maskini, sijui atajuaje.

Huenda si figo. Huenda umepungua mwili kwa ngazi na jua tu. Basi utanicheka, na nitakubali kuchekwa maisha yangu yote, tena kwa furaha. Nicheke ukiwa na karatasi ya hospitali mkononi.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Ni ovaroli ya kazi, kitambaa kigumu cha buluu, kushona ameshona shemeji yako kwa vipimo vyako vya zamani, na ameacha kitambaa cha kutosha kwenye mishono endapo umenenepa. Kifuani kuna mfuko mdogo wenye kifuniko na kifungo. Si wa brashi, si wa misumari, si wa sigara zako unazodhani sizijui. Ni wa peremende. Kifungo nimekitia mimi, kikubwa, ili hata mkono unaotetemeka ukipate.

Na nikuambie kitu kuhusu ovaroli hiyo. Asubuhi aliyoianza, alikaa mezani. Hakujificha nyuma ya mlango. Alikunywa chai, akala, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili akaikausha, akainusa kama hakuna mafuta. Kisha akaketi kwenye cherehani, akaangalia juu pale picha ya baba yake inaponing'inia, akasema, "Mzee, unisamehe, ni kwa ajili ya shemeji yangu," akakanyaga pedali. Mishono yote imenyooka, itazame. Ndiyo nguo ya kwanza ya asubuhi katika nyumba hii kushonwa na fundi aliyekwisha kula bila kujificha.

Msalimie sana wifi, mwambie namtegemea yeye kuliko wewe, na ukurasa wa hospitali akusomee kila asubuhi mpaka uende. Wasalimie pacha, kila mmoja peke yake, wasije wakagombania salamu. Msalimie huyo mshika ngazi, simjui lakini namwombea mikono yenye nguvu. Kwanini anasema, "Shikamoo, mjomba, na ukiulizwa kwa nini umekuja, sema nimekutuma mimi." Shemeji yako anakusalimu na pasi mkononi.

Mungu akulinde juu ya kuta za watu, akutunzie hao mafundi wawili wa nyuma wasioonekana, na akurudishe nyumbani ukiwa unaongea upuuzi wako wa kawaida tu.

Ni mimi, dada yako akupendaye hata ukimkatia simu, ninayesubiri kusikia kwamba umekula, umeshuka, na umekwenda.